Nani kakutuma usamehe? Biblia na familia kwenye hadithi za Warusi

Kuna hadithi fupi ya Pushkin ya 1831, Msimamizi wa Kituo, na mi huwa naona karibu kila kitu ambacho Warusi walikuja kuandika baadaye kuhusu msamaha na familia kilishatundikwa kwenye ukuta wa yule mzee. Ukutani pana picha. Ya kwanza mzee wa heshima, kavaa kofia ya kulalia na joho la nyumbani, anamuaga kijana asiyetulia, anampa baraka zake na mfuko wa hela. Ya pili kijana anazila na marafiki wa uongo na wanawake wasio na haya. Ya tatu kijana yuko kwenye matambara, analisha nguruwe na anakula nao. Ya mwisho karudi, kapiga magoti, na baba anamkimbilia akiwa na kofia ile ile na joho lile lile kama vile miaka yote hiyo hakubadili nguo, na kwa nyuma huko mpishi anachinja ndama aliyenona na kaka mkubwa anawauliza watumishi humu ndani kuna sherehe gani.

Luka 15 hiyo, unaijua hata ukiamshwa saa nane za usiku. Mwenye ukuta anaitwa Samson Vyrin, cheo chake daraja la 14, chini ya hapo kwenye utumishi wa Tsar hakuna kitu, kazi yake kuwabadilishia wasafiri farasi na kutukanwa na kila mwenye haraka. Ana binti mmoja, Dunya. Anapita afisa wa jeshi la farasi, Minsky, anamuona binti, ghafla anajifanya mgonjwa hawezi hata kuinuka, anaitiwa daktari na daktari anapewa rubli 25 akubali kwamba ndio bwana huyu anaumwa. Anapona siku ya Jumapili, anaaga, anasema ampe lifti Dunya mpaka kanisani. Binti anasita, na baba mwenyewe ndo anamwambia panda tu, unaogopa nini, mheshimiwa sio mbwa mwitu hatakula. Ndo ikawa moja kwa moja.

Mzee anaenda Petersburg kwa miguu, kichwani ana wazo moja tu, labda nitamrudisha nyumbani kondoo wangu aliyepotea. Minsky anamchomekea noti kwenye mkono wa koti na kumsindikiza nje. Mzee anazifinyanga, anazitupa chini, anazikanyaga, anaondoka, halafu hatua kadhaa mbele anasimama, anafikiria, anarudi, na hela hazipo, kijana mmoja aliyevaa vizuri kashaziokota na akimuona tu anarukia gari la farasi. Hapo pa kurudi ndo nampendea Pushkin. Mwandishi mwingine angemwachia mzee wa watu heshima yake angalau hiyo moja.

Baada ya hapo mzee anarudi kituoni kunywa pombe. Anajua, yaani ana uhakika kabisa, Dunya atatupwa kama wanavyotupwa wengine, leo hariri kesho anafagia barabara na walevi, mpaka siku nyingine anatenda dhambi ya kumuombea kaburi. Ule ukuta ndo umemfundisha hivyo maana kwenye picha lazima mtoto apite kwa nguruwe kwanza. Kumbe Dunya anakuja kweli, ila anakuja na gari la farasi sita, watoto watatu, yaya, na kambwa kadogo keusi, na mzee yuko makaburini. Analala juu ya kaburi muda mrefu, kisha anamuita kasisi anampa hela, na yule mtoto aliyetaka kumuonyesha njia anaachiwa sarafu ya fedha.

Sasa hebu niambie nani kamsamehe nani hapo. Baba alitembea mpaka mji mkuu kumsamehe mtu ambaye hakuomba msamaha na wala hakuwa na mpango wa kuuomba. Binti akaja kuomba radhi kwa mtu asiyeweza tena kumuachia. Wote wawili walikuwa na kitu cha kutoa na wote walifika, ila siku tofauti. Mahubiri mengi ya mwana mpotevu niliyosikia maishani yanaishia kwenye ndama, Pushkin anauliza swali ambalo mhubiri analirukia, kwamba je kama mtoto harudi akiwa na njaa? Je kama amefanikiwa? Baba anayejua kusamehe masikini tu atafanyaje?

Nachotaka kusema ni kitu kimoja, na najua kuna watu watanikatalia. Watu huwa wanasema fasihi ya Kirusi ni fasihi ya msamaha, eti hao jamaa Waorthodoksi, wanalia sana, wanapiga magoti sana, mwishoni kila mtu anasamehewa. Mi naona ni kinyume. Hawa jamaa walikuwa wakali kuhusu msamaha kuliko taifa lolote nililowahi kusoma, na ukali wao uko sehemu moja: msamaha una mwenyewe. Hauwezi kutolewa na jirani, wala na mjomba kwenye kikao, wala na msomaji aliyechoka anataka kitabu kiishe vizuri. Sisi tuna ile yaishe, tumekaa wazee wanne sebuleni, aliyekosewa yupo jikoni anapakua wali, na sisi huku tumeshayamaliza kwa niaba yake, yaishe bwana, ni damu moja. Warusi wanaichukia sana hiyo yaishe.

Mchukue Karenin, mume wa Anna, kwenye kitabu cha Tolstoy cha 1878, Anna Karenina. Kitabu kinafunguliwa na Warumi 12, Kisasi ni juu yangu mimi, mimi nitalipa, na watu wamebishana miaka yote hiyo kisasi hicho ni cha Mungu au cha wambea wa Petersburg. Mi hapo sikai. Kwenye kurasa za mwanzo kabisa Anna anapanda treni kwenda Moscow kusuluhisha ndoa ya kaka yake, Stiva, ambaye kagundulika anatembea na mwalimu wa watoto wao, Mfaransa. Dolly, mke, analia, anamuuliza wifi yake we ungesamehe? Anna anajibu ningesamehe, na ningesamehe kama vile halijatokea, halijatokea kabisa. Maneno mazuri mno, na rahisi kwa sababu deni sio lake. Dolly akasamehe, na Stiva akaendelea na mambo yake kama kawaida mpaka ukurasa wa mwisho, mnene, mchangamfu, anakula chaza.

Halafu zamu ikamfika Anna. Amezaa mtoto wa Vronsky, mpenzi wake, ana homa ya uzazi, madaktari washakata tamaa, anamuita mume. Karenin anakuja huku moyoni anaombea afe, sio maneno yangu hayo, Tolstoy anasema wazi kwamba kifo kingemrahisishia mambo. Anapomkuta kitandani kitu kinakatika ndani yake, anasamehe, na anasamehe kweli sio maigizo, anamtoa Vronsky mikono usoni na kumwambia unaweza kunikanyaga kwenye tope, unaweza kunifanya kichekesho cha dunia, sitamuacha. Kile kitoto ambacho sio chake anakilea, Tolstoy anaandika kingekufa kama sio yeye. Kwa vipimo vya Mathayo huyu kageuza shavu la pili na kanzu ametoa.

Na ndo balaa linaanzia hapo. Vronsky anajisikia mdogo kiasi cha kwenda kujipiga risasi (risasi ikaukosa moyo, akapona). Anna anapona, na akishapona hawezi kukaa naye chumba kimoja. Anamwambia kaka yake nimesikia wanawake wanapenda wanaume hata kwa maovu yao, mimi namchukia kwa wema wake. Nilivyokuwa mdogo nilisoma hapo nikamuona Anna hana shukrani. Sasa hivi, nimeshaona ndoa za watu, naelewa. Msamaha ule alipewa mtu anayekufa. Aliyeamka ni mtu mwingine, mzima, ana njaa, anataka kuishi, na kila asubuhi anakutana na bwana mmoja mezani ambaye ameshamsamehe. Ukisamehewa na mtu halafu ukaendelea kuishi kwenye nyumba yake ni kama kudaiwa, na huyu hataki hata ulipe.

Msamaha wenyewe ukaja ukaharibika, hili watu wanalisahau. Karenin akaangukia mikononi mwa Lidia Ivanovna, mama mmoja wa dini nyingi, na huyo mama ndo akaenda kwa Seryozha, mtoto wa Anna, akamwambia baba yako ni mtakatifu na mama yako amekufa. Sentensi moja hiyo. Baba akapandishwa cheo na mama akazikwa hai, na yote yamefanywa kwa jina la yule aliyesema tusamehe. Anna anaingia kwa siri siku ya birthday ya mtoto, anamkumbatia, anatolewa mbio, na midoli aliyomchagulia jana yake dukani kwa upendo na huzuni anarudi nayo haijafunguliwa. Mi hiyo midoli inaniuma kuliko treni anayojirushia mwishoni.

Sasa Tolstoy mwenyewe alikuja kuzeeka akawa mhubiri, na watu wengi wanasema hapo ndo alipoharibika kama mwandishi. Kwa mahubiri sawa. Lakini ni kwenye kitabu chake cha uzeeni, Ufufuko, 1899, alipoandika kitu kikali kuliko vyote kuhusu kuomba msamaha. Kinafunguliwa na Petro anauliza nisamehe mara saba? na anajibiwa hata saba mara sabini. Mkasa wenyewe aliupata kwa mwanasheria mmoja, Koni, ulitokea kweli. Nekhlyudov, mtoto wa kishua, yupo kwenye baraza la kuamua kesi, anamuangalia mshitakiwa, kahaba anayesingiziwa kumwekea sumu mfanyabiashara, na anamtambua. Katyusha Maslova. Alikuwa nusu mtumishi nusu mtoto wa kulea nyumbani kwa shangazi zake, usiku wa Pasaka walibusiana mara tatu kama Wakristo wote, Kristo amefufuka, na usiku uliofuata akalala naye, na alipoondoka akamwachia rubli 100. Binti akashika mimba, akaacha kazi, mtoto akafa, mengine ndo hayo. Na baraza lenyewe kwa uzembe linasahau kuandika kwamba hakukusudia kuua, binti anakula miaka minne ya kazi ngumu Siberia.

Bwana mkubwa moyo unamchoma. Anaenda gerezani anasema nimekuja kukuomba msamaha. Na Katyusha anafanyaje? Anamuangalia anavyotokwa machozi na anamuomba rubli kumi. Mi nilicheka kwa sauti pale kisha nikajisikia vibaya. Safari nyingine Katyusha anakuja kalewa kidogo na anamlipua, kwa maneno ambayo nadhani yangetundikwa mlangoni mwa kila ofisi ya ushauri nasaha, ulijistarehesha na mimi kwenye maisha haya na sasa unataka kujiokoa kwa kunitumia mimi kwenye maisha yajayo.

Hapo Tolstoy kajipiga mwenyewe. Maana ukiangalia, toba ya Nekhlyudov ina mahesabu. Anataka usingizi wake urudi. Anataka kumuoa ili ajione mtu safi, na yule mwanamke kwenye hiyo picha ni ngazi tu ya kupandia. Msamaha anaouomba ameshauwekea na mahali pa kuutundika. Ni mtu yule yule wa rubli 100, safari hii analipa kwa kitu kikubwa zaidi lakini bado analipa ili aondoke.

Mwishoni Katyusha anakataa ndoa, anaenda na mfungwa wa siasa anaitwa Simonson. Wanaagana. Kirusi kuna prostite na kuna proshchayte, mzizi mmoja, la kwanza ni samahani la pili ni kwaheri, na Tolstoy anasimama kabisa kutuonyesha kwamba Katyusha alisema la kwanza pale ambapo mtu angetegemea la pili. Nekhlyudov kwenye tofauti ya silabi kadhaa anaelewa kila kitu, kwamba Katyusha anampenda, na anaondoka ili asimharibie maisha. Watafsiri wengi hapo wanahangaika. Sisi wala, sisi tuna buriani. Watu wa pwani hawaagani tu, wanatakana buriani, nikuwie radhi na wewe uniwie, kabla ya safari ndefu au kabla ya kufa, neno moja linabeba yote mawili. Prostite ya Katyusha ni buriani, sioni neno lingine. Na angalia nani kaisema. Aliyekosewa ndo kaomba radhi. Yule bwana aliyezunguka magereza miezi na miezi na msamaha wake wa kuomba, ameupata siku alipoacha kuudai.

Nitupie hapa la nyumbani kwake Tolstoy maana linahusu. Huyo huyo aliyeandika buriani nzuri kuliko zote, 1910 akiwa na miaka 82 alitoroka nyumbani usiku akimkimbia mke wake, Sophia, waliyeishi naye miaka 48, akaugua njiani akaishia kitanda cha nyumba ya msimamizi wa stesheni ya Astapovo. Ipo picha ya mama wa watu amesimama nje anachungulia dirishani. Waliomzunguka mzee hawakumruhusu kuingia mpaka mgonjwa hana fahamu tena. Nyumba ya msimamizi wa kituo, tena, na mtu aliyefika kachelewa. Pushkin asingethubutu kutunga hiyo.

Ile hadithi ya Tolstoy ya 1872, Mungu Anaona Ukweli, naipitia haraka kwa sababu wengi mmeisoma. Aksionov, mfanyabiashara wa Vladimir, anafungwa miaka 26 Siberia kwa mauaji ambayo hakufanya, anakutana na muuaji halisi kule kule gerezani na muuaji anampigia magoti, naye anamwambia Mungu atakusamehe, pengine mimi ni mbaya mara mia kuliko wewe. Jibu hilo sio la kubuni, Warusi wana Jumapili nzima kabla ya Kwaresima ya kuombana radhi na jibu lake ndo hilo, Mungu atasamehe. Ila mkuki wa hadithi uko mwanzo kabisa, pale mke wake alipokuja kumuona rumande akamuuliza mume wangu niambie mimi mkeo ukweli, sio wewe kweli? Akalia, akawaza hata huyu. Muuaji alisamehewa. Nyumbani hakutaka tena kwenda, na ruhusa ya kumwachia ilipofika alikuwa ameshakufa.

Tuje kwa Dostoevsky, ambaye ndo kila mtu anamtaja ukisema Biblia na Warusi. Muumini kabisa huyu, Agano Jipya alilopewa mwaka 1850 njiani kwenda kifungoni Siberia alikaa nalo mpaka anakufa 1881, na binti yake ameandika kwamba siku ile ya mwisho aliita watoto wakasomewe mwana mpotevu. Sasa mtu wa hivyo ungetegemea kitabu chake kikubwa, Ndugu Karamazov, kiwe ndama mwanzo mwisho. Wapi! Ni kitabu ambacho baba mwenyewe ndo mpotevu. Fyodor Pavlovich kala mali, kasahau watoto, kasahau kabisa sio kwamba aliwatesa, na watoto watatu, Dmitri, Ivan na Alyosha, wanarudi nyumbani wakubwa na baba hajarudi bado.

(Ushauri kwa anayeanza: kila mtu ana majina matatu na la utani juu, Dmitri ni Mitya, Alexei ni Alyosha, andika kwenye karatasi la sivyo utadhani nyumba ina watoto kumi.)

Kwenye kona ya kitabu hicho kuna kapteni mstaafu fukara, Snegiryov, ambaye Dmitri alimburuza kwa ndevu barabarani mbele ya mtoto wake wa shule, Ilyusha. Mtoto alikuwa anambusu Dmitri mkono anaomba msamehe baba yangu. Angalia hapo nani anamuomba nani. Baadaye mtoto anamwambia baba usipatane naye, usipatane, shuleni wanasema amekupa rubli kumi. Anakuja Alyosha, mpole, ameleta rubli 200 kutoka kwa mchumba wa Dmitri, kapteni anazishika, anaanza kuota, dawa za mke, binti arudi chuo, farasi mdogo wa kuhamia mji mwingine, uso unang'aa, halafu ghafla anazifinyanga na kuzikanyaga. Mwanangu ningemwambia nini kama ningechukua hela kwa aibu yetu? Mnazikumbuka noti za Vyrin? Dostoevsky kazitoa pale pale chini alipoziacha Pushkin na kumpa mtu mwingine azikanyage. Tofauti ni kwamba Alyosha haokoti akakimbia, anazinyoosha, anazitunza, na mwishoni kapteni anazipokea, kwa wakati wake.

Halafu kuna wa nne. Smerdyakov, mpishi, mtoto ambaye mji mzima unasema ni wa Fyodor kwa mwanamke wa mtaani asiye na akili timamu, kazaliwa bafuni. Mzee aliyemlea, Grigory, mcha Mungu, akamwambia wewe sio mtu, umetoka kwenye ukungu wa bafu. Alipokuwa na miaka 12 akauliza kama jua liliumbwa siku ya nne mwanga wa siku ya kwanza ulitoka wapi, akajibiwa kwa kofi. Siku moja Alyosha anamkuta bustanini anapiga gitaa, anamuuliza kaka Dmitri atarudi saa ngapi. Kaka! Anamuuliza ndugu yake mmoja kuhusu ndugu mwingine na neno kaka linamruka huyu aliyeko mbele yake kama vile kiti. Na mpishi anajibu nitajuaje mimi habari za Dmitri Fyodorovich, ingekuwa ni mlinzi wake sawa. Muda sio mrefu Alyosha yuko hotelini na Ivan, msomi, na Ivan naye anasema kwani mimi ni mlinzi wa ndugu yangu Dmitri? halafu anajishtukia, ah, jibu la Kaini kwa Mungu hilo.

Ivan anajua ananukuu Mwanzo 4. Mpishi hajashtuka, na hakuna aliyemshtukia. Kwenye Luka kaka mkubwa anamwambia baba huyu mwana wako, na baba anamrekebisha taratibu, huyu ndugu yako. Nyumba ya Karamazov hakuna wa kurekebisha, na aliyekuja kumuua baba ni huyo huyo asiyerekebishiwa neno. Hata Alyosha anayekimbilia kila mlango wa mji ule, mlango wa jikoni haugongi. Akijinyonga anaacha kikaratasi kwamba najimaliza kwa hiari yangu asilaumiwe mtu. Watu wanakisoma kama kiburi. Mi nakisoma kama msamaha pekee ambao mtu yule aliwahi kutoa, na hakuna aliyeuomba.

Na hotelini pale pale ndo Ivan anatoa ile kesi yake. Jenerali tajiri, ana mbwa mamia, mtoto wa mtumwa wa miaka minane anarusha jiwe kwa mchezo linamuumiza mbwa kipenzi mguu. Asubuhi mtoto anavuliwa nguo anaambiwa kimbia na mbwa wanafunguliwa, mama yake anaangalia. Afanywe nini huyo jenerali? Apigwe risasi, ananong'ona Alyosha, mtawa mtarajiwa. Kisha Ivan anasema siku ya mwisho pengine huyo mama atamkumbatia huyo jenerali na wote tutalia Haleluya, na mimi sitaki. Uchungu wake yeye kama mama, akitaka asamehe. Mateso ya mtoto hana haki ya kuyasamehe, hata mtoto mwenyewe akisamehe!

Jibu la Alyosha mnalijua, yupo Mmoja anayeweza kusamehe vyote kwa ajili ya wote kwa sababu alitoa damu yake isiyo na hatia. Kama mkristo nalikubali. Kama msomaji naona Ivan bado amekaa pale na supu yake ya samaki, na swali lake la nani ana haki halijaondoka mezani.

Miaka 20 baadaye hivi, Chekhov, daktari, mtu asiyependa kuhubiri, akaandika kesi ile ile bila jenerali. Bondeni, 1900. Familia ya Tsybukin, wenye duka, wadanganyifu. Mkwe mmoja ni Lipa, binti wa kibarua, fukara. Mkwe mwingine Aksinya, mchapakazi, mtu wa biashara, ana tanuri la matofali kwenye shamba ambalo babu kaamua kumrithisha kichanga cha Lipa, Nikifor. Lipa alikuwa anakiacha kitoto kitandani, anaenda mlangoni, anainama, habari zako Nikifor Anisimych! kisha anarudi mbio kukibusu. Siku Aksinya alipojua habari za urithi aliingia jikoni Lipa anafua, akashika kata ya maji yanayochemka, umechukua ardhi yangu basi chukua na hii, akamwagia mtoto.

Hakuna kesi. Lipa anatembea usiku kutoka hospitali na maiti kwenye blanketi, anakuta mzee na kijana wana moto na mikokoteni, anawauliza nyie ni watakatifu? Hapana, sisi watu wa Firsanovo. Anamuuliza mzee mtoto mdogo anateseka kwa nini, na mzee anasema kila kitu hatuwezi kujua, ndege hakupewa mabawa manne kapewa mawili, maana kwa mawili anaruka. Ivan angemrushia sahani. Msibani kasisi anamfariji Lipa na aya ya watoto wadogo na ufalme wa mbinguni, huku kanyanyua uma una uyoga wa chumvi. Keshoye Lipa anarudi kwa mama yake.

Miaka mitatu inapita. Aksinya ndo mwenye nyumba, babu kawekwa pembeni, amekuwa wa kusahau sahau, watu mtaani wanasema mkwewe kamtoa nje na ana siku ya tatu hajala. Jioni wanawake wanatoka kupakia matofali stesheni, matofali ya Aksinya, Lipa yuko mbele anaimba. Wanakutana na mzee Tsybukin. Huyu ndo aliyemwambia usiku ule Lipa, hukumtunza mjukuu wangu. Aksinya hapewi neno lolote na Lipa, wala hapa wala popote hadithini, na hakuna anayemwambia Lipa aende kumpa. Anainama, habari zako Grigory Petrovich. Mama yake naye anainama. Kisha anatoa kwenye kifurushi cha mama kipande cha mkate wa nafaka, anampa, mzee anakipokea anaanza kula.

Jua limeshazama. Wale wawili wanaendelea na njia.